Daktari bingwa, kabla hujatafuta kazi ya nje yenye viza weka haya sawa kwanza

Naandika kwa ajili ya madaktari bingwa wenzangu maana kila wiki naulizwa swali lile lile, "dokta, hospitali gani inatoa sponsa ya viza?" Na kila nikilisikia naona tunaanzia mwisho. Kwa bingwa viza ndo kitu cha mwisho kabisa na mara nyingi ndo chepesi, hospitali ikishakutaka na ina kibali cha kudhamini wageni, karatasi zinatembea. Kinachokwamisha watu ni leseni, na ndani ya leseni kuna swali ambalo wengi hawajiulizi: hiyo nchi itautambua ubingwa wako, au itakupokea kama daktari aliyemaliza chuo jana? Jibu la hapo ndo likuchagulie nchi, sio mshahara peke yake na sio picha anazoposti mwenzako aliyetangulia.

Chukua Marekani. Hata uwe na miaka kumi na tano ya ubingwa, njia ya kawaida ni upate cheti cha ECFMG (taasisi inayopima madaktari waliosomea nje) kwa kufaulu mitihani ya leseni ya USMLE, Step 1 na Step 2 CK, alafu urudie residensi, yaani mafunzo ya ubingwa hospitalini, toka mwanzo, zamu za usiku zote tena. Wengi wanaingia residensi kwa viza ya mafunzo ya J-1, na hiyo ina sharti la kurudi kwenu miaka 2 ukimaliza, isipokuwa upate msamaha, kwa mfano ule wa Conrad 30 ambapo kila jimbo linaweza kupendekeza madaktari 30 kwa mwaka na wewe unakubali kutumikia miaka 3 sehemu yenye upungufu wa madaktari. Wanaotaka viza ya kazi ya H-1B wanahitaji na Step 3 juu yake, na Septemba 2025 likatoka tangazo la rais la kutoza dola 100,000 kwa maombi mapya ya waliopo nje ya nchi, kwa hiyo usipange bila kusoma hali ilivyo mwezi huo unaoomba. Kuna majimbo yameanza kulegeza, Tennessee ilipitisha sheria mwaka 2023 ya kuwapa leseni ya muda waliosomea nje bila kurudia residensi, lakini bado unatakiwa uwe na cheti cha ECFMG na mwajiri wa kukupokea. Sasa mtu wa miaka 45 mwenye watoto watatu anatakiwa ajiulize kwa utulivu kabisa kama yuko tayari kuwa mwanafunzi tena. Wapo walio tayari na nawaheshimu sana.

Uingereza ni tofauti. Pale kuna vitu viwili watu wanavichanganya: usajili wa GMC, baraza la madaktari la Uingereza, wenye leseni ya kutibu, na rejista ya mabingwa. Cha kwanza unakipata kwa PLAB, mtihani wa waliosomea nje, sehemu ya kwanza maswali 180 kwa saa 3, ya pili ni vituo vya vitendo Manchester, au unaruka PLAB kama una shahada ya juu wanayoitambua kama MRCP (magonjwa ya ndani) au MRCOG (uzazi na magonjwa ya wanawake). Ukishapata hapo unaweza kuajiriwa kwenye nafasi za ngazi ya kati na ukadhaminiwa. Lakini kuwa konsaltanti (bingwa wa ngazi ya juu) wa kudumu lazima uingie kwenye rejista ya mabingwa, na kwa aliyesomea nje njia yake ni ile iliyokuwa inaitwa CESR, toka mwisho wa 2023 inaitwa Portfolio Pathway, yaani unapeleka mzigo wa ushahidi wa kazi zako, mamia ya kurasa, kila moja imethibitishwa. Wengi wanaingia kwanza kwenye nafasi ya kati alafu wanakusanya huo ushahidi wakiwa ndani, na mimi naona ndo njia ya busara zaidi kuliko kusubiri ukiwa nje, ila ingia ukijua kwamba kwa muda fulani utakuwa chini ya mtu ambaye kiuzoefu mko sawa au umemzidi. Ukiingia hujui utaumia sana.

Ujerumani lugha ndo mlango wenyewe. Unahitaji Kijerumani cha jumla kama B2 na juu yake mtihani wa Kijerumani cha kitabibu unaoitwa Fachsprachprüfung, kiwango cha C1, unaongea na mgonjwa dakika 20, unaandika ripoti dakika 20, unamweleza daktari mwenzako dakika 20. Wakiona masomo yako hayalingani na yao unafanya mtihani wa maarifa unaoitwa Kenntnisprüfung, na huo msingi wake ni magonjwa ya ndani na upasuaji, hata kama wewe ni bingwa wa macho na hujashika stethoskopu kwa miaka. Wakati unasubiri leseni kamili ya Approbation wanaweza kukupa kibali cha muda kisichozidi miaka 2 ili ufanye kazi, na ubingwa wenyewe unatambuliwa baada ya Approbation, sio kabla. Kila jimbo lina ofisi yake na mwendo wake, ulizia jimbo husika usiulizie "Ujerumani".

Australia wao ubingwa wako unapimwa na chuo cha fani yako na unaambiwa uko sawa, uko sawa nusu, au hauko sawa, na hilo jibu linaamua kama utafanya kazi chini ya uangalizi kwa muda mfupi au utapangiwa mafunzo na mitihani. Alafu kuna kitu wengi wanakigundua wakiwa wameshafika, sheria ya miaka 10 kwa madaktari waliosomea nje, kwamba huduma zako hazilipwi na Medicare, bima ya afya ya serikali, mpaka ufanyie sehemu zenye upungufu, hivo andaa familia kwa mji mdogo.

Ghuba ndo kwepesi kiasi. Saudia ni baraza la SCFHS kupitia mfumo wa Mumaris Plus, Dubai ni mamlaka ya afya DHA, Abu Dhabi ni idara ya afya DOH, vyeti vinahakikiwa na kampuni ya DataFlow na mara nyingi kuna mtihani wa kompyuta kwenye vituo vya kampuni ya Prometric. Hapa swali ni cheo. Shahada yako na miaka uliyofanya kazi BAADA ya ubingwa ndo vinaamua utaandikwa konsaltanti au chini yake, na mshahara unafuata cheo, kwa hiyo pata uainishaji wa cheo kwanza ndo ujadili pesa.

Sasa karatasi, na hapa nakaa kidogo maana ndo palipoumiza watu wengi, mimi nikiwemo. Anza na jina. Toa pasipoti, cheti cha kuzaliwa, cha ndoa, digrii ya kwanza, ya ubingwa na leseni, zipange mezani usome herufi kwa herufi. Mimi pasipoti ilikuwa na majina matatu na digrii ina mawili, chuo kikajibu wahakiki kwamba hawamtambui huyo mtu, nikapoteza miezi minne kurekebisha kwa kiapo na barua, na ile nafasi niliyokuwa nimefaulu intavyuu ikaenda kwa mwingine. Kilikuwa kitu cha kurekebisha wiki moja kama ningekiona mapema.

Alafu jua kwamba wahakiki hawaangalii kopi yako iliyogongwa mhuri, wanaandika chuo chenyewe. Kama ofisi ya masijala ya chuo chako haijibu barua pepe, faili lako litalala. Nenda mwenyewe, jua nani anashughulikia, mweleze kwamba barua itakuja kutoka EPIC (mfumo wa ECFMG wa kuhakiki vyeti) au DataFlow na mwombe aifuatilie. Na cheti cha mwenendo mwema kutoka baraza lako la madaktari usikiombe mapema mno, GMC wanakitaka kikiwa hakijapita miezi 3, na mara nyingi baraza linatakiwa likitume moja kwa moja, sio wewe. Matokeo ya lugha nayo yana umri, GMC wanakubali mtihani wa Kiingereza wa IELTS ya kitaaluma yenye wastani 7.5 na hakuna sehemu chini ya 7.0, au OET (Kiingereza cha kitabibu) daraja B kila sehemu, na vinadumu miaka 2. Kwa hiyo ukifanya lugha kwanza alafu ukakaa kusubiri mambo mengine, unaweza kujikuta unalipia mara mbili. Panga kwa kurudi nyuma: tarehe unayotaka kuanza kazi, kisha hesabu kila karatasi inaishi muda gani.

Logibuku, yaani daftari la kesi ulizofanya. Kama unafanya upasuaji, endoskopi, eko, ganzi, chochote cha mikono, andika kesi kuanzia leo, ulifanya mwenyewe au ulisaidia, matatizo yaliyotokea, na mtu asaini. Bila majina ya wagonjwa, hilo lisisahauliwe na yeyote, mtu asije akavunja siri ya mgonjwa kwa ajili ya viza. Bingwa mzuri kabisa nimemwona anashindwa kuthibitisha kazi ya miaka minane sababu hakuandika popote. Na watu wa kukutolea riferensi wawe waliofanya kazi na wewe karibuni, waambie kabla, wengi wanaombwa na hawajibu sio kwa ubaya ila fomu imeingia kwenye spamu.

Kuhusu mwajiri. Uingereza serikali inaweka hadharani orodha ya waajiri wenye leseni ya kudhamini, mtafute huko kwa jina kamili kabla hujatuma pasipoti kwa mtu. Gharama ya cheti cha udhamini ni ya mwajiri na haruhusiwi kukudai wewe, kwa hiyo anayekwambia ulipie "sponsa" ni tapeli au anavunja sheria, vyote viwili kimbia. Kama nchi yako ipo kwenye ile orodha ya WHO ya nchi 55 zenye upungufu mkubwa, ya mwaka 2023, mawakala wa Uingereza hawaruhusiwi kukufuata kukuajiri, lakini wewe mwenyewe kuomba nafasi iliyotangazwa unaruhusiwa, na watu wengi wanaikosa hii tofauti wanakata tamaa bure.

Mkataba usome wote, hasa ukiondoka kabla ya muda unarudisha nini, nani analipia bima ya makosa ya kitabibu na kama inakufunika hata baada ya kuondoka. Ghuba mkataba ukiwa lugha mbili na zikapingana, mahakama inaangalia Kiarabu, mpe mtu unayemwamini akusomee. Ulizia viza ya mwenza kama inaruhusu kufanya kazi, maana nyumba nyingi zimetikisika hapo: mwenza aliyekuwa na kazi yake anakaa mwaka mzima ndani.

Na wakati haya yote yanaendelea baki kazini. Mabaraza yanauliza umekaa muda gani bila kutibu, na pengo la mwaka kwenye sivii utaulizwa kila intavyuu. Usiandike barua ya kuacha kazi kwa sababu ya ofa, wala kwa sababu cheti cha udhamini kimetoka, ofa huwa na masharti na viza inaweza kuchelewa kwa kipimo cha kifua tu. Subiri viza iwe mkononi, ndo utoe notisi.