Jinsi ya Kukeneka Mafuta ya Majani ya Mkarafuu

Mkarafuu haupukutishi majani yake yote kwa msimu mmoja. Huyaangusha kidogo kidogo mwaka mzima, na hayo yaliyoanguka ndiyo malighafi yangu ya kukeneka, yaani kutoa mafuta kwa mvuke, hapa Pemba, kwa kuwa kukata matawi mabichi ni kujinyima karafuu za mwakani.

Hatua ya kwanza ni kuokota majani makavu yasiyoshika ukungu na kuyapepeta ili mchanga utoke. Ukiyachanganya na makonyo, yaani vikonyo vinavyoshika karafuu, utapata mafuta mengi zaidi, maana makonyo hubeba takriban asilimia 5 au 6, ilhali majani ni 2 au 3 tu.

Hatua ya pili, yapange ndani ya chungu cha chuma kisichoshika kutu, juu ya chekeche lililoinuliwa ili maji yanayochemka yasiyaguse. Pipa la chuma cha kawaida hupatikana kwa urahisi, lakini yujenoli, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta haya, ikikutana na chuma hicho hugeuka nyeusi.

Hatua ya tatu ni moto wa wastani usiokatika kwa saa 8 au zaidi. Mvuke upite katika bomba lililozungushwa ndani ya maji baridi na udondoke kwenye chupa ya kutenganishia. Maji ya chunguni yakikauka, majani huungua na mafuta hunuka moshi.

Hatua ya nne ndiyo iliyonitia hasara. Nilikuwa nimezoea mchaichai, ambao mafuta yake huelea. Basi nilipokeneka majani ya mkarafuu mara ya kwanza nilisubiri utando juu ya maji, sikuuona, nikamwaga chupa nzima pamoja na matone ya manjano yaliyojikusanya chini, nikidhani ni uchafu. Mafuta ya mkarafuu ni mazito kuliko maji, kwa hiyo huzama. Yaache yatulie usiku kucha, kisha uyatoe kwa koki ya chini. Maji ya juu, meupe kama tui jepesi, bado yana mafuta. Yarudishe chunguni utakapokeneka tena.

Hifadhi mafuta katika chupa ya kioo cheusi, kwani mafuta haya hulainisha plastiki. Kwa kuchua viungo, tone 1 latosha kwa kijiko kikubwa cha mafuta ya nazi. Yasiyozimuliwa huunguza ngozi na ufizi. Mafuta haya hutuliza maumivu ya jino kwa muda tu, hivyo nenda kwa daktari wa meno, ambaye naye huchanganya yujenoli na unga wa zinki oksaidi kuzibia tundu kwa muda. Mtoto akimeza hata kijiko cha chai, ini lake laweza kudhurika. Chupa yangu hukaa juu ya kabati, kizibo kimefungwa kwa uzi.