Kufufua Land Rover ya zamani kwa mfuko mdogo: chesisi kwanza, rangi mwisho

Nafundisha fizikia katika sekondari moja nje kidogo ya Arusha, na gari langu ni Land Rover Series III ya petroli, ile ndefu ya 109 (inchi 109 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma). Niliikuta juu ya mawe, majani yamepanda hadi kwenye bampa, nikaifufua kwa mshahara wa ualimu. Anayeniuliza aanzie wapi namwambia apange kazi kabla ya kupanga fedha. Land Rover nyingi zinazooza nyuma ya nyumba za watu hazikushindikana: mwenyewe alianza na rangi na viti, fedha zikakata kabla hajafika kwenye breki. Utaratibu ninaoufuata ni chesisi, kisha breki, kisha injini na umeme, na rangi mwisho kabisa.

Na usilifumue gari lote kwa mpigo. Fungua sehemu moja, itengeneze, irudishe, ndipo uhamie nyingine. Gari lililofumuliwa lote hubaki maboksi ya nati, na miezi sita baadaye hakuna anayekumbuka ipi ni ya wapi.

Unaponunua

Tafuta gari lililo kamili hata kama haliwaki. Injini iliyokaa kimya inaweza kuamshwa, lakini gari lisilo na propela shafti ya mbele (mhimili unaopeleka mzunguko kwenye magurudumu), rejeta, dashibodi na milango litakumaliza kidogo kidogo, maana kila kitu kinachokosekana kina bei yake na safari yake ya kukitafuta. Series III zilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, kwa hiyo hata ile ya mwisho ni mzee sasa, na vipande vingi utavipata kwenye magari ya kuchinja, yaani yanayofumuliwa ili kuuzwa spea.

Kabla ya kutoa hata senti, linganisha namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma na ile ya kwenye kadi. Itafute mbele upande wa kulia, pale chesisi inaposhika springi. Kwangua kutu kwa brashi ya waya mpaka isomeke. Kisha hakikisha TRA (Mamlaka ya Mapato) kwamba anayekuuzia ndiye mmiliki. Gari la bei ya kutupa lisilo na kadi liache lilipo.

Chesisi

Hapa ndipo penye gari lenyewe, kwa hiyo usiharakishe. Liinue gari, liweke juu ya stendi au magogo ya mti mgumu (jeki peke yake isikubebee uhai wako), kisha lala chini yake ukiwa na nyundo ndogo na bisibisi pana. Gonga chesisi yote kutoka mbele hadi nyuma, pande zote, na usikilize. Chuma kizima kinalia kwa sauti kali. Kilichooza kinajibu kwa mdundo mfu, na kutu inasikika ikimwagika ndani kama mchanga. Pale ulipopashuku, sukuma bisibisi kwa nguvu. Ikizama, chora duara kwa chaki.

Kagua zaidi kile chuma cha mwisho nyuma kinachobeba ndoano ya kuvutia, mikono inayotoka pembeni kushika tangi na ukuta wa mbele, na masikio ya springi. Matope yanayorushwa na matairi hukaa juu ya sehemu hizo, jua haliyafiki, unyevu haukauki. Gari lililofanya kazi pwani, au kwenye ukanda wa magadi kama Ziwa Natron na Eyasi, likague mara mbili, kwa kuwa chumvi huharakisha kutu.

Ukikuta duara tano au sita za chaki, hiyo ni kazi ya kawaida. Ukikuta chesisi nzima imejaa chaki, rudi nyumbani na fedha zako.

Kuchomelea ni kazi ya fundi mwenye mkono mzuri, ila maandalizi ni yako. Kabla hakijakatwa chochote, chagua alama nne kwenye chesisi, mbili kushoto na mbili kulia, upime kwa futi kutoka kona hadi kona kwa mshazari. Vipimo viwili vikilingana, chesisi imenyooka. Viandike ukutani ili upime tena baada ya moto. Chuma kilichooza kikatwe mpaka kifikie kizima, ndipo kiraka cha milimita 2 au 3 kichomelewe kuzunguka pande zote. Kiraka kilichobandikwa juu ya kutu kinaficha tu ugonjwa. Na kabla mashine haijawashwa, toa betri na chomoa waya za alteneta, la sivyo umeme wa kuchomelea utaua dayodi zake.

Bolti zitagoma. Changanya ATF (oili ya gia za otomatiki) na asetoni nusu kwa nusu, zinyunyizie jioni kwa siku kadhaa kabla ya kugusa spana. Mchanganyiko huo unashika moto haraka, usiusogeze karibu na gesi. Halafu kopa au nunua spana za inchi. Sehemu kubwa ya gari hili imefungwa kwa 7/16, 1/2 na 9/16. Spana ya 13 inaingia kwenye nati ya 1/2, lakini ina nafasi, na nafasi hiyo ndiyo inayokula kona za nati hadi isishikike tena.

Jambo jingine linanihusu kama mwalimu. Bodi ya Land Rover ni aloi ya alumini, desturi iliyoanza 1948 wakati chuma kilikuwa cha mgao Uingereza baada ya vita. Alumini haiozi kama bati, lakini ikigusana na chuma penye maji, mkondo mdogo wa umeme unapita kati yao na alumini ndiyo inayoliwa. Ule unga mweupe unaoukuta kwenye maungio ya bodi ndio matokeo yake. Unaporudisha kipande chochote, paka rangi pande zote mbili, kata ukanda wa tyubu ya tairi uuweke katikati, bolti uzipake grisi. Tyubu mbovu unaipata bure kwa fundi tairi yeyote.

Breki

109 ina drami kwenye magurudumu yote manne. Fungua gurudumu moja, limalize, ndipo uende la pili, ili upande uliofungwa uwe mfano wako wa namna springi zinavyokaa. Vuta raba za vumbi kwenye silinda ya gurudumu. Ukikuta kumelowa, sili zimekufa. Itoe silinda, isafishe, kisha pitisha ukucha ndani yake. Ukucha ukiteleza, nunua seti ya raba peke yake. Ukinasa kwenye shimo la kutu, nunua silinda nzima, kwa sababu raba mpya itachanika pale pale.

Mipira mitatu ya breki, miwili ya mbele na mmoja wa nyuma, badilisha yote hata kama inaonekana mizima, kwani huziba au kupasuka kwa ndani. Mabomba ya chuma yenye kutu badilisha pia. Oili ya zamani mwaga yote: huvuta unyevu kutoka hewani, na breki zikipata moto kwenye mteremko mrefu, mathalani ukishuka kutoka Karatu kwenda Mto wa Mbu, maji yale yanachemka na pedali inazama hadi chini. Usikubali kamwe mtu aongeze oili ya injini au ATF humo, raba zitavimba na kazi yote irudiwe.

Wakati wa kutoa upepo, anza na gurudumu la nyuma lililo mbali zaidi na masta silinda (pampu ya breki inayosukumwa na pedali). Mke wangu alikaa kwenye pedali, mimi chini na chupa yenye mpira mwembamba, mpaka mapovu yakakoma.

Breki ya mkono ya gari hili haishiki magurudumu, inashika propela shafti ya nyuma. Ikiwa haishiki, tazama kwanza sili ya oili iliyo mbele yake. Oili ikivuja huloweka drami, na breki shuu mpya zitaharibika kama za mwanzo.

Injini

Usikubali oveholi (kufumua injini yote) kabla ya kipimo. Injini iliyolala muda mrefu, toa plagi, mimina kijiko cha oili kwenye kila silinda, iache hadi kesho yake, kisha izungushe taratibu kwa mkono. Ikizunguka, weka betri, petroli mpya na oili ya 20W-50. Tangi chafu lisafishwe, na likitoboka lipelekwe kwa fundi matangi na rejeta. Mvuke wa petroli unabaki ndani hata tangi likiwa kavu, na moto wa kuchomelea unaweza kulilipua.

Ikishawaka na kupata joto, azima geji ya kompresheni. Toa plagi zote, kanyaga mafuta hadi mwisho, pima silinda moja moja. Muhimu ni kwamba nne zikaribiane. Iliyo chini iongezee kijiko cha oili, upime tena: ikipanda, ringi zimechoka; isipopanda, tatizo liko kwenye valvu, na hapo unafungua silinda hedi tu. Tofauti ya gharama kati ya majibu hayo mawili ni kubwa, na kipimo kinachukua nusu saa.

Kisha weka vipimo sawa kwa fila geji (vipande vyembamba vya kupimia nafasi): tapeti milimita 0.25, pointi za distributa 0.35 hadi 0.40, plagi 0.75. Mpangilio wa moto kwenye silinda ni 1-3-4-2. Injini nyingi zilizohukumiwa kifo zilihitaji hayo tu na kabureta safi.

Fundi wangu wa mtaa wa Unga Limited hapa Arusha, mzee ninayemheshimu sana, aliniambia, “Mwalimu, hii thamostati tuitupe, injini itapoa vizuri.” Nikamwomba, “Mzee wangu, tuipime kwanza.” Thamostati ni valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta kabla injini haijapata joto. Tukaitumbukiza kwenye sufuria ya maji jikoni pamoja na kipimajoto. Ilikaa imefumba, maji yakapanda joto, na yalipofika karibu na nyuzi zilizogongwa juu yake ikaanza kufumbua. Tukairudisha. Asubuhi ya Arusha ni ya baridi, na injini isiyofika kwenye joto lake inakunywa petroli na kujisaga. Gari likichemsha, kosa litafute kwenye rejeta iliyoziba, fani belti au pampu ya maji.

Umeme nitaupita haraka: kabla ya kununua taa au swichi, safisha ethi (pale waya wa kurudisha umeme unapofungwa kwenye bodi). Bodi ya alumini hushika ule unga mweupe pale waya mweusi unapofungwa, na taa zinafifia au indiketa zinawaka zenyewe. Rangi za waya ni za kudumu: kahawia una moto muda wote, mweupe ni wa swichi ya kuwashia, kijani hupita kwenye fyuzi, buluu ni taa kubwa, mwekundu ni taa ndogo.

Spea, fundi na rangi

Milango, boneti, vioo, hata gia boksi nzima, nunua vya kuchinja bila wasiwasi. Kwenye eneo la Gerezani pale Dar es Salaam vipo, na mafundi wa Nairobi watakuelekeza Kirinyaga Road. Raba na mipira ya breki nunua mpya daima. Matairi soma tarakimu nne ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye kashata (meno) nzuri lakini la zamani mno lina nyufa, liache.

Na fundi patana naye kwa kazi, si kwa siku. Spea nunua mwenyewe, na ya zamani akurudishie mkononi.

Rangi ipake kwa rola ya sponji. Piga msasa, weka praima maalumu ya alumini, maana praima ya kawaida itabanduka, kisha tabaka mbili nyembamba za rangi ya mafuta. Wikiendi mbili zinatosha.

Ukishaanza kuliendesha, kaza nati za matairi baada ya safari ya kwanza. Kilomita 500 zikitimia, mwaga oili ya injini, kaza bolti za springi, na ingia tena chini na tochi ukague kila bomba la breki ulilofunga.