Namna ya kutoka uwanja wa ndege wakati wa kusubiri, mizigo ikiwa imekwisha kukabidhiwa

Abiria anayesubiri ndege ya kuunganisha kwa saa nane au kumi, na ambaye angependa kuuona mji badala ya kushinda kwenye kiti, huanza kwa kujiuliza begi lake litabaki wapi. Jibu huwa limefungwa kwenye mpini wa begi lenyewe. Unapokabidhi mzigo kaunta, mhudumu huufunga kibandiko chenye herufi tatu kubwa za uwanja ambako utashushwa, kama vile DOH kwa Doha au IST kwa Istanbul, nawe hupewa kipande kidogo chenye namba ileile. Zisome herufi hizo kabla hujaondoka pale kaunta. Zikiwa ni za mwisho wa safari yako, wafanyakazi wa uwanjani watalihamisha begi kutoka ndege moja hadi nyingine bila wewe kuligusa, na unaweza kwenda mjini na mfuko wa mkononi tu. Zikiwa ni za uwanja wa kati, begi litakungoja kwenye mkanda wa mizigo, na itakubidi ulichukue.

Kwa kawaida mzigo hupitilizwa pale safari nzima ilipokatiwa tiketi moja na muda wa kusubiri haufiki saa 24. Mwenye tiketi mbili zisizohusiana achukulie kwamba begi lake litaishia njiani, mpaka mhudumu amhakikishie vinginevyo. Marekani ina utaratibu wake: anayetoka nchi za nje kwa kawaida huchukua mizigo katika uwanja wa kwanza anaotua, huipitisha forodhani, kisha huikabidhi upya, hata kama kibandiko kinataja mji mwingine.

Hata hivyo, kwa maoni yangu begi ndilo jambo dogo katika shughuli hii. Kubwa ni uhamiaji, kwa sababu kutoka nje ya jengo ni kuingia nchini, na kuingia nchini kunataka ruhusa. Viza ya kupita uwanjani inayotolewa na nchi za Schengen (nchi za Ulaya zenye utaratibu mmoja wa viza), kwa mfano, inakuruhusu kukaa upande wa abiria wanaounganisha safari, lakini haikuruhusu kuvuka dirisha la uhamiaji. Uliza ubalozini, au usome tovuti rasmi ya uhamiaji ya nchi husika, kabla ya kukata tiketi. Anayepaswa kuwa makini zaidi ni yule mwenye tiketi mbili, kwa kuwa mkanda wa mizigo uko upande wa pili wa uhamiaji: bila viza hawezi kulifikia begi lake, hata kama hakukusudia kukanyaga mjini, na huenda akazuiwa kupanda ndege tangu mwanzo wa safari.

Piga hesabu ya muda bila kujipendelea. Tuseme ndege inatua saa nne asubuhi na nyingine inaondoka saa moja jioni, yaani saa tisa baadaye. Ondoa saa moja ya kushuka na kupanga foleni ya uhamiaji, saa tatu za kurudi mapema, na saa mbili za barabarani, kwenda na kurudi. Utabakiwa na saa tatu za kutembea. Muda wa kusubiri ukiwa chini ya saa sita, mimi nisingetoka. Kumbuka pia kwamba tiketi huonyesha saa za mahali ndege ilipo, na sisi tuliozoea saa za Kiswahili tunaweza kuisoma 19:00 kwa haraka tukakosea. Hiyo ni saa moja jioni.

Kwa kuwa begi lililopitilizwa hutaliona tena hadi mwisho wa safari, dawa, chaja, koti na nguo ya kubadili vikae kwenye mfuko wa mkononi. Kama unalazimika kulichukua begi, ulizia mapema iwapo uwanja una mahali pa kuhifadhi mizigo kwa malipo. Usisahau kwamba wakati wa kurudi utakaguliwa upya: manukato au kinywaji cha zaidi ya mililita 100 ulichonunua mjini kinaweza kuchukuliwa pale kwenye mashine.

Abiria akikosa kutokea mlangoni katika safari ya kimataifa, begi lake hutafutwa na kushushwa kabla ndege haijaondoka, kwa sababu za kiusalama. Kwa hiyo ukiona umechelewa, wasiliana na shirika la ndege mara moja, ukiwa na kile kipande cha kibandiko mkononi, maana kwa namba iliyoandikwa pale ndipo begi lako litakapotafutwa.