Maporomoko ya Marangu kwa Baiskeli ya Umeme: Nusu Siku Kutoka Himo

Marangu, kwenye mteremko wa kusini-mashariki wa Kilimanjaro, ina maporomoko kadhaa yasiyo mbali sana moja na jingine, yakiwemo Kinukamori, Ndoro na Kilasiya. Kwa baiskeli ya umeme unaweza kuondoka Himo, mji ulio chini ya Marangu, saa moja asubuhi na kurudi kabla ya saa nane mchana, mradi uelewe kwamba safari hii huanza kwa kupanda mlima, na kwamba betri ndiyo itakayoamua utaona maporomoko mangapi.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya betri. Zidisha volti kwa ampea-saa zilizoandikwa kwenye kasha lake. Betri ya volti 36 na ampea-saa 14 ina wati-saa 504. Ikiwa wewe, baiskeli na mzigo mna uzito wa kilo 100, kila mita 100 za kwenda juu hudai wati-saa 27 kabla ya kuhesabu kinachopotea kwenye mota na matairi, kwa hiyo mimi huweka 40. Himo hadi Marangu Mtoni ni zaidi ya kilomita 10 za lami, na kimo kinaongezeka kwa zaidi ya mita 400. Yaani wati-saa 160 zimekwisha kabla hujaona tone la maji. Mgeni atokaye ng'ambo asipange kuja na betri yake, kwani ndege za abiria hazipokei betri ya lithiamu inayozidi wati-saa 160.

Hatua ya 2: Kagua breki kuliko kitu kingine. Pedi zilizobaki nyembamba kama kadi ya simu zibadilishwe siku moja kabla. Beba tyubu, pampu na spana.

Hatua ya 3: Panda kwa msaada mdogo. Weka mota kwenye ngazi ya kwanza au ya pili, na ubadilishe gia kabla kilima hakijaanza, kwa sababu mnyororo unaovutwa na miguu pamoja na mota hukatika upesi ukibadilishiwa gia katikati ya mzigo. Mwaka wangu wa kwanza nilipanda kwa nguvu zote za mota tangu Himo, nikifurahia kuzipita bodaboda zilizopakia mikungu ya ndizi. Betri ilizimika nilipotoka Kinukamori, nikasukuma kilo 25 za chuma huku watoto wa shule wakiniuliza, "Shikamoo mjomba, pikipiki imeisha mafuta?"

Hatua ya 4: Anza na lililo mbali zaidi, umalizie na Kinukamori, lililo karibu na Marangu Mtoni. Njia za vumbi hupita katikati ya vihamba vya migomba na kahawa, na mara nyingi hukatwa na mifongo, ile mifereji ya kale ya Wachagga. Hapo udongo hulowa hata wakati wa kiangazi na tairi la mbele huteleza bila kuaga, kwa hiyo vuka ukiwa umenyoosha usukani na bila kugusa breki ya mbele. Lipa kiingilio kwa wanaotunza eneo, ifunge baiskeli, uchomoe betri na kushuka nayo begani. Inasimuliwa kwamba msichana Makinuka, aliyepata mimba kabla ya ndoa, alikuja Kinukamori kujitupa, akaghairi, lakini alipogeuka akakuta chui, akarudi nyuma na kutumbukia. Sanamu yao iko pale juu. Mvua ikinyesha msituni, maji hupanda ghafla ingawa kwako jua linawaka, hivyo yakianza kuwa na rangi ya chai ya maziwa toka haraka. Miezi ya Machi hadi Mei mimi sipeleki mtu.

Hatua ya 5: Teremka kwa kupokezana breki. Bana kwa nguvu, achia, kisha bana tena, badala ya kuziburuza muda wote. Ukisikia harufu ya kuungua, simama dakika kumi, na usiguse diski kwa kidole.

Hatua ya 6: Subiri kabla ya kuchaji. Futa tope kwa kitambaa chenye unyevu, kamwe usitumie mpira wa maji wenye kasi, kisha iache betri kivulini mpaka ipoe kabisa ndipo uchomeke chaja. Muda huo unatosha bakuli moja la mtori.