Namna ya kufuatilia fedha na sera za serikali ukiwa na chuo kidogo cha ufundi stadi

Mwaka tulioingia kwa mara ya kwanza kwenye mafunzo ya uanagenzi, yale ya kijana kujifunza kazi kwa mwajiri kwa fedha za serikali, nilipeleka serikalini majina 22. Majina 7 yakarudishwa. Hao vijana saba hawakupungukiwa sifa yoyote. Mmoja cheti chake cha kidato cha nne kilikuwa na majina matatu na kitambulisho cha NIDA majina mawili. Mwingine alizaliwa Machi kwenye cheti cha kuzaliwa na Mei kwenye NIDA. Barua ilitufikia zikiwa zimebaki siku mbili dirisha lifungwe. Maelekezo kuhusu majina yalikuwepo tangu mwanzo, ukurasa wa nne, na mimi nilikuwa nimesoma kurasa mbili za mbele tu. Wanne tuliwahi kuwarekebishia. Watatu wakarudi nyumbani. Mmoja wao yuko Msamvu na bodaboda hadi leo, tunasalimiana kila nikipita stendi, na kila mara naukumbuka ule ukurasa.

Mimi ni mratibu wa mafunzo kwenye chuo binafsi hapa Morogoro: umeme wa majumbani, ushonaji, uchomeleaji na magari. Hatuna idara ya mipango. Tuna kompyuta moja ya ofisi, printa inayogoma wakati wa mvua, na bando la mwezi. Ninayoyaeleza hapa ndiyo ninayoyafanya, na yanamfaa yeyote mwenye chuo cha ukubwa wetu.

Jua umeshika karatasi gani

Habari ikiingia kwenye kundi la WhatsApp la wakuu wa vyuo, najiuliza kwanza: hii ni hotuba, ni sheria, ni mwongozo, au ni tangazo? Hotuba ya bajeti inaeleza nia ya serikali. Sheria inaweka kiwango na siku ya kuanza. Mwongozo unasema nani anastahili na anahesabiwaje. Tangazo linafungua dirisha na kutaja siku ya kulifunga. Fedha inakuja baada ya hayo yote, na baada ya mkataba wenye sahihi. Nimeshuhudia chuo kikikopa kununua vyerehani kumi kwa nguvu ya hotuba peke yake. Walimu wake walikaa miezi miwili bila mshahara.

Ukitumiwa picha ya barua iliyokatwa juu au chini, usiisambaze. Tafuta namba ya kumbukumbu na tarehe, kisha nenda kwenye tovuti ya taasisi yenyewe, ile inayoishia na go.tz, upakue barua nzima. Ihifadhi kwa jina linaloanza na tarehe. Tovuti za ofisi hubadilishwa, na barua uliyoiona Februari unaweza usiipate tena Septemba mkaguzi anapokuuliza ulifuata maelekezo gani.

Kisha soma na penseli mkononi. Mimi nasoma mara tatu: mara ya kwanza natafuta nani, mara ya pili lini, mara ya tatu anahesabiwaje. Nazungushia duara maneno madogo: "au", "na", "isipokuwa", "kuanzia". "Cheti cha kuzaliwa au NIDA" na "cheti cha kuzaliwa na NIDA" ni mambo mawili: penye "na" karatasi zote mbili zinatazamwa, na hapo ndipo vijana wangu walipokwama. Neno jingine la kulikazia macho ni "ithibati", yaani uthibitisho wa ubora wa chuo. Chuo kilichosajiliwa bado hakijawa chuo chenye ithibati, na wapo wakuu wa vyuo wanaoyatumia maneno hayo kana kwamba ni kitu kimoja. Tena tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, NACTE, baraza la taifa la elimu ya ufundi, ilipogeuka NACTVET na kukabidhiwa usimamizi wa vyuo vya ufundi stadi pia, karatasi ya zamani yenye nembo ya VETA, mamlaka ya serikali ya ufundi stadi, uliyoitundika ukutani haitoshi kukujulisha kama umo kwenye orodha ya sasa. Ingia kwenye orodha, tafuta jina la chuo chako na namba yake, na angalia fani moja moja. Unaweza kuwa na usajili wa umeme ukakosa wa magari.

Kalenda ya ukutani

Mwaka wa fedha wa serikali unaanza tarehe 1 Julai, na mambo mengi yanafuata hapo. Aprili na Mei wizara zinasoma hotuba zao Dodoma. Usiishie kwa Wizara ya Elimu, kwa sababu programu ya kukuza ujuzi, yenye uanagenzi na urasimishaji wa ujuzi wa mafundi wa mtaani, imekuwa chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu upande wa kazi na ajira. Anayesubiri hotuba ya elimu peke yake anakosa nusu ya habari. Majukumu ya wizara yakipangwa upya, siku hiyo hiyo tafuta dawati lako limehamia wapi.

Juni inasomwa bajeti kuu, na nyuma yake muswada wa Sheria ya Fedha. Sisi hatuchapi fomu za kujiunga za Julai hadi sheria ipite. Kwenye hotuba ndefu usisome kila ukurasa. Fungua PDF kwenye kompyuta, andika "ufundi stadi" kwenye sehemu ya kutafutia, halafu "uanagenzi", halafu "Sura ya 82". Hiyo ya mwisho ndiyo Sheria ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi ya mwaka 1994, na tozo inayotuhusu imo humo.

SDL, na mazungumzo na mwenye gereji

Tozo ya kuendeleza ufundi stadi, wenyewe tunaiita SDL, inalipwa na mwajiri kwa jumla ya mishahara anayolipa, kabla ya tarehe 7 ya mwezi unaofuata kupita. Kwa mgawo uliozoeleka, theluthi moja ndiyo inakuja kwenye ufundi stadi na theluthi mbili zinaenda upande wa mikopo ya elimu ya juu. Mimi naamini mgawo huo unawaonea mafundi, na nimelisema hilo kwenye kila kikao nilichoalikwa.

Ijue vizuri, maana mwenye gereji atakuuliza. Mwaka 2021 kiwango cha chini cha wafanyakazi kilipandishwa kutoka 4 hadi 10. Mwaka 2023 tozo ikashuka kutoka asilimia 4 hadi 3.5. Chukua gereji yenye wafanyakazi 11 na mishahara ya jumla shilingi 4,400,000 kwa mwezi. Kwa asilimia 4 ni shilingi 176,000, kwa 3.5 ni 154,000. Mwenye wafanyakazi 9 halipi kitu. Kwa hiyo fundi mkuu mwenye watu tisa ukimpelekea wanagenzi wawili, jambo la kwanza kichwani mwake ni kama wale wawili watamvusha mstari. Swali hilo usilijibu kwa mdomo ili tu akupokelee vijana. Mwambie aiandikie TRA, mamlaka ya mapato, aambatanishe rasimu ya mkataba wa uanagenzi, na jibu alipate kwa maandishi kabla hajaweka sahihi. Mimi humwandalia hiyo barua mwenyewe. Inanichukua nusu saa, na gereji mbili zilizokuwa zimekataa zilikubali kwa sababu ya barua hiyo.

Na wewe mwenye chuo: vyuo vya ufundi vilivyosajiliwa vimo kwenye orodha ya TRA ya taasisi zilizosamehewa SDL. Mwenzangu mmoja aligundua hilo baada ya mhasibu wake wa nje kuilipa mwaka mzima. Kaa na mhasibu wako, mfungue ukurasa huo pamoja.

Faili la kijana

Hapa ndipo fedha inapopatikana au kupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo. Kila kijana anayetaka uanagenzi namfungulia faili siku anayoleta fomu, hata kama hakuna tangazo lolote. Ndani naweka nakala ya cheti cha kuzaliwa, cheti cha shule na namba ya NIDA, na karatasi ya mbele nimechora jedwali la mistari mitatu: jina kama lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa, kama lilivyo shuleni, kama lilivyo NIDA. Herufi moja ikitofautiana naweka alama nyekundu, na kijana anaondoka na maelekezo ya kwenda RITA (kwa vyeti vya kuzaliwa), NIDA au kwa wakili kuapa hati ya kiapo. Kazi hiyo inaweza kuchukua wiki. Ukiianza siku tangazo linatoka, umechelewa.

Mkataba uwe na sahihi tatu: kijana, mwajiri, chuo. Tarehe ya kuanza iwe ile ile kwenye nakala zote.

Kisha daftari la kumbukumbu za kazi. Wakaguzi hulifungua kabla ya kitu kingine chochote, na vijana wengi huandika hivi: "Leo nilifanya kazi za gereji." Mstari huo haumfaidii mtu. Mimi nawafundisha kuandika hivi: "Jumanne. Kutoa na kufunga bushi za mbele, Toyota Noah. Nilimsaidia fundi, upande wa kulia nilifanya mwenyewe. Saa 3." Pembeni sahihi ya fundi, ya siku hiyo hiyo. Kila Ijumaa mchana napita gereji kwa gereji kusoma madaftari. Ukiacha sahihi zirundikane hadi mwisho wa mwezi, fundi atasaini kurasa ishirini kwa kalamu moja kwa mwendo mmoja, na mkaguzi anaona.

Mengine ya kuyaweka sawa kwa wazazi

Wazazi wanakuja na habari za redioni. Mikopo ya Bodi ya Mikopo iliyoanza mwaka 2023/24 ni ya stashahada, tena kwa fani zilizotajwa. Mwanafunzi wa cheti cha ufundi stadi hayumo humo. Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri (4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu) ilisimamishwa mwaka 2023 ikarudi mwaka uliofuata, na inawahusu wahitimu wako wakishajiunga kwenye kikundi, kwa hiyo waelekeze kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata miezi miwili kabla hawajamaliza. Watakulinganisha pia na VETA, ambako ada imekuwa shilingi 60,000 kutwa na 120,000 bweni kwa miaka mingi. Usibishane nao. Waonyeshe fani ulizo nazo, na gereji zinazopokea vijana wako.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, iliyozinduliwa Dodoma mwanzoni mwa mwaka 2025, imeweka mkondo wa amali, yaani masomo ya ufundi, sekondari. Mimi nimeanza kujiandaa kupokea vijana wa kidato cha nne ambao tayari wameshika msumeno na multimita. Ukiwaanzisha wote ngazi ya kwanza watachoka na wazazi watalalamika, kwa hiyo tengeneza jaribio la vitendo la kuwapanga, na liandike kwenye mwongozo wako wa udahili sasa.

Malipo yakichelewa

Yatachelewa siku moja. Usipige simu kwanza. Andika barua ya ukurasa mmoja: namba ya mkataba, idadi ya vijana, mwezi unaodaiwa, tarehe uliyowasilisha ripoti, na jina na cheo cha aliyeipokea. Ambatanisha nakala ya ripoti yenyewe, kwa sababu ya kwanza huenda iko kwenye meza nyingine. Ipeleke kwa mkono kama unaweza, ukiwa na nakala mbili, na usiondoke masijala kabla nakala yako haijagongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe ya siku hiyo.