Kabla ya kuwasha kichomeo cha shanga nyumbani: gesi ikae wapi, ipite wapi

Mtu akishavutiwa na kazi ya kuyeyusha fimbo za kioo na kuzizungushia kwenye waya wa chuma hadi ziwe shanga, huulizia kwanza kichomeo: kipi kizuri, bei gani, kinaagizwa wapi. Gesi huiacha mwisho kwa sababu anadhani anaijua. Si ipo jikoni kila siku? Hapo ndipo ninapopata wasiwasi. Mazoea ya jikoni hayatoshi mezani pa shanga, na baadhi yake ni hatari kabisa.

Regyuleta ya jiko hushusha presha ya gesi hadi milibari 30 hivi. Kichomeo kidogo cha mezani kinachochanganya gesi na oksijeni kwa kawaida huhitaji psi 5, yaani karibu milibari 350, zaidi ya mara kumi. Kwa hiyo regyuleta ya jikoni haikifai, na kufunga kichomeo cha aina hiyo moja kwa moja kwenye koki ya mtungi ni kujitafutia balaa. Tafuta regyuleta ya gesi ya mitungi inayorekebishika na yenye geji, kisha usome karatasi ya kichomeo chako uone kinataka presha gani. Mpira nao ni hivyo hivyo. Ule wa jiko ulitengenezwa kwa presha ndogo. Wa kichomeo unapaswa kuwa na maandishi ubavuni yanayoonyesha unafaa kwa propani, mojawapo ya gesi za mitungi ya kupikia. Kwa mipira ya viwango vya Marekani utaona herufi T. Wenye herufi R ni wa asetilini tu, gesi ya kuchomelea vyuma, na propani huulainisha na kuupasua taratibu, jambo ambalo kwa nje halionekani mapema.

Nimetaja asetilini kwa sababu fundi wa kuchomelea mtaani atakushauri utumie vifaa vyake. Mshukuru, lakini asetilini yake uiache. Moto wake huchafua kioo kwa masizi, na gesi yenyewe haitulii ikizidi psi 15. Kazi ya shanga ni ya propani, au ule mchanganyiko wa propani na butani tunaouziwa kwenye mitungi ya kupikia.

Sasa mtungi ukae wapi? Hili nalisisitiza kuliko yote. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa: propani karibu mara moja na nusu, butani karibu mara mbili. Ikivuja haipandi darini ikatokea dirishani. Inashuka, inatambaa sakafuni, inaingia chini ya kitanda, kwenye mtaro, kwenye shimo la choo, na inatulia humo ikingoja cheche. Ikifika kama asilimia 2 ya hewa ya mahali hapo, tayari inaweza kulipuka. Kwa hiyo mtungi unakaa nje, umesimama wima, kivulini, mbali na mtaro na mbali na dirisha lililo chini, umefungwa mnyororo ili mtoto au mbuzi asiuangushe. Gesi inaingia ndani kwa bomba la chuma au la shaba lililopitishwa ukutani na fundi wa gesi, likiwa na koki nyingine ndani, mahali mkono wako unapofika ukiwa umekaa mezani bila kuvuka moto. Ikiwa unaishi ghorofani na huna baraza ya wazi, kwa maoni yangu kazi hii isubiri hadi upate mahali pengine.

Wenzetu wa Arusha, Mbeya na nyanda nyingine za baridi wana jambo la ziada. Butani huacha kugeuka mvuke ikikaribia nyuzi sifuri, na mtungi unaotoa gesi kwa kasi hujipoza wenyewe hadi ukatoa umande au barafu kwa nje. Asubuhi ya Julai mwali utafifia wakati mtungi bado una gesi. Jikoni watu huulaza mtungi au kuutikisa ili mabaki yatoke. Usifanye hivyo kwenye kichomeo hata siku moja, kwa kuwa mtungi uliolala hutoa gesi ikiwa bado kimiminika badala ya mvuke, na mwali unaweza kukurukia ghafla. Usiuweke karibu na mkaa wala kuumwagia maji ya moto. Tumia mtungi mkubwa zaidi, kwa sababu eneo pana la gesi hujipoza polepole, au pumzika mpaka jua litoke.

Mtungi ununue kwa wakala mwenye kibali, lakiri ikiwa nzima, upimwe mbele yako. Uzito wa mtungi mtupu umegongwa kwenye chuma chake. Jumlisha na kilo za gesi ulizolipia. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, gesi ililipuka Embakasi, Nairobi, kwenye yadi ambayo mamlaka ya nishati ya Kenya ilisema haikuwa na kibali. Watu walikufa na mamia walijeruhiwa, wengi wakiwa majumbani mwao. Bei nafuu ya mitungi inayojazwa kwa kificho analipa jirani.

Je, unahitaji oksijeni? Vipo vichomeo vinavyotumia gesi pekee na kuvuta hewa ya chumbani. Kwa kioo laini cha Murano, kile cha Italia kinachoyeyuka upesi, vinatosha, ingawa vinakwenda polepole. Ukitaka kutumia chupa zilizotumika, kioo chake ni kigumu zaidi kuyeyuka na utatamani moto mkali. Kioo cha borosiliketi, kile kigumu cha vyombo vinavyostahimili joto, ndicho kisichokubali bila oksijeni.

Oksijeni yenyewe haiungui, na ndiyo maana watu huidharau. Kinachotokea ni kwamba vitu vingine huungua mbele yake kwa ukali usiouzoea. Mafuta au grisi kidogo kwenye nati ya mtungi wa oksijeni inaweza kuwaka yenyewe presha inapoingia. Hivyo mikono iwe safi, spana iwe safi, na usilainishe hesi kwa mafuta yoyote, hata ya nazi. Usipulize vumbi la nguoni kwa oksijeni, maana kitambaa kilichoinywa huwaka kama karatasi.

Kwa nyumbani napendelea mashine inayochuja oksijeni kutoka hewani, ile tuliyoizoea kuiona hospitalini wakati wa Uviko. Ya lita 5 kwa dakika inaendesha kichomeo kidogo vizuri, na huna mtungi wa bari 150 ndani ya nyumba. Iweke inapovuta hewa safi, mbali na moshi wa meza. Tatizo lake ni umeme. Ukikatika, mwali unarefuka, unakuwa wa njano na kutoa masizi. Zoezi la kufunga gesi papo hapo lifanye mara kadhaa kabla hujaanza kazi, hadi mkono ufuate wenyewe.

Njia zote mbili, ya gesi na ya oksijeni, ziwe na vali za njia moja na vizuizi vya moto wa kurudi nyuma. Nati za gesi hufungwa kwa kuzungusha kushoto na huwa zimechongwa mikato midogo kwenye kona zake. Za oksijeni hufungwa kulia. Zikikataa kuingiana, usizilazimishe, kwa kuwa ziliumbwa zikataane. Kisha paka povu la sabuni kila kiungo huku gesi imefunguliwa na kichomeo kimefungwa. Kiputo kikitokea, funga koki ya mtungi, rekebisha, paka tena. Rudia kila unapobadilisha mtungi.

Hewa ya chumba inataka njia mbili: feni inayotoa moshi juu ya meza kuelekea nje, na dirisha upande wa pili linaloingiza hewa mpya. Bila dirisha hilo feni inahangaika tu. Moto huu hutoa kaboni monoksidi, gesi ya sumu isiyo na harufu wala rangi, kwa hiyo king'ora cha kuitambua kinunuliwe pamoja na kichomeo.

Kizimamoto cha unga kikae mlangoni, kisiwe nyuma ya meza. Gesi ikiwaka kwenye kiungo, funga koki kwanza; ukiuzima mwali huku gesi inatoka, inajikusanya na kulipuka upya. Ukisikia harufu bila moto, usiguse swichi yoyote, hata ya kuzima taa. Toka, funga mtungi nje, fungua milango.

Kuwasha: gesi kwanza, oksijeni baadaye. Kuzima: oksijeni kwanza, gesi mwisho. Siku ikiisha, funga mtungi huku mwali mdogo bado unawaka, gesi iliyobaki kwenye mpira iungue yote, halafu ndipo ufunge koki ya kichomeo. Na kabla ya siku ya kwanza, mchukue mwenzako wa nyumbani, au dada wa kazi, au kijana mkubwa, umpeleke nje kwenye mtungi, aifunge koki ile kwa mkono wake mwenyewe mara tatu, na mara ya tatu afanye hivyo gizani.