Jinsi ya kuandaa majukumu ya kazi kwa maandishi kabla mfanyakazi hajaanza

Kwa Tanzania Bara, kifungu cha 15 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi taarifa za maandishi pale anapoanza kazi. Majukumu yake yamo ndani ya taarifa hizo. Ukubwa wa biashara si hoja: duka la watu wawili linabanwa sawasawa na kiwanda. Anayeachwa nje ni yule anayekufanyia kazi chini ya siku 6 kwa mwezi.

Karatasi iwe na haya: jina, umri, anwani ya kudumu na jinsia ya mfanyakazi, mahali alipoajiriwa, majukumu, tarehe ya kuanza, aina na muda wa mkataba, kituo cha kazi, saa za kazi, ujira, namna unavyokokotolewa, na marupurupu mengine yakiwemo ya vitu kama nyumba au chakula. Kama yote yamo kwenye mkataba wa maandishi na nakala amepewa, huhitaji karatasi ya pili.

"Mahali alipoajiriwa" huachwa wazi mara nyingi, na kosa hilo ni la gharama. Ukimchukua mtu Mwanza ukamleta Dar es Salaam, ajira ikikoma unawajibika kumsafirisha yeye na mizigo yake hadi alikotoka au kumlipa nauli, pamoja na posho ya kujikimu kwa siku anazosubiri usafiri. Andika mji ulikomchukulia, usiandike makao makuu ya kampuni.

Sasa majukumu yenyewe. Usianze kuandika kabla hujamuuliza anayeifanya kazi hiyo sasa, au msimamizi wake, siku nzima inakwendaje. Kisha panga hivi:

1. Cheo, na anayeripoti kwake. Taja wadhifa wa bosi, si jina la mtu, maana mabosi huhama.
2. Majukumu 5 hadi 8, kila moja likianza na kitendo. Kwa mtunza stoo wa duka la vifaa vya ujenzi: kupokea mzigo na kuulinganisha na ankara, kuandika leja siku hiyohiyo, kutoa mali kwa hati iliyosainiwa na meneja, kuhesabu mali kila Jumamosi na kuripoti upungufu.
3. Kipimo cha kazi pale kinapowezekana: siku gani, kwa hati gani, kwa idhini ya nani.
4. Mipaka: kwa mfano, mtunza stoo hapokei fedha za wateja.

Sentensi kama "atasimamia stoo kwa ufanisi" haina kazi. Siku utakapotaka kumwachisha kwa utendaji duni, utaulizwa alishindwa kufikia kiwango gani, kama alikijua, na kama kiwango chenyewe kilikuwa cha haki. "Ufanisi" haujibu hata swali moja kati ya hayo. Kuhesabu mali kila Jumamosi kunajibu.

Halafu kuna ule mstari unaopendwa na waajiri: "na kazi nyingine atakazopangiwa." Uweke, lakini uufunge: "kazi nyingine zinazoendana na cheo hiki." Ukiuacha wazi ukamtuma mtunza stoo kuendesha lori kila siku, umembadilishia kazi, na mstari huo hautakusaidia sana. Mabadiliko ya kweli yana utaratibu wake: unashauriana naye, unarekebisha karatasi, unamjulisha kwa maandishi. Tangazo la mdomo kwenye kikao cha asubuhi halitoshi.

Kama mfanyakazi haelewi kilichoandikwa, sheria inakutaka uhakikishe anaelezwa kwa namna anayoielewa. Mikataba mingi huandikwa Kiingereza bila sababu ya maana. Kwa dereva, mlinzi au mhudumu, andika Kiswahili tangu mwanzo. Soma naye, asaini kila ukurasa, mpe nakala yake palepale. Nakala yako itunze miaka 5 baada ya ajira kukoma: akiondoka tarehe 30 Juni 2026, faili isiguswe hadi 30 Juni 2031.

Mwajiri asiye na karatasi huumia zaidi kwenye shauri. Mfanyakazi akidai kwamba mlikubaliana afanye kazi fulani kwa ujira fulani, nawe huwezi kutoa mkataba wala taarifa za maandishi, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha unakuangukia wewe.

Kenya inafanana sana. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka maandishi kwa ajira inayofikia miezi 3, na taarifa zenye majukumu zitolewe si zaidi ya miezi 2 tangu kuanza kazi. Zanzibar ina sheria yake, Na. 11 ya 2005, kwa hiyo usichukue fomu ya Bara ukaipeleka Unguja.

Turudi Bara: mfanyakazi ambaye hajapewa karatasi aombe kwa barua, abaki na nakala iliyogongwa muhuri au kusainiwa na aliyeipokea. Akinyimwa, ajaze Fomu Na. 1 ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA). Mgogoro wa kuachishwa kazi hufunguliwa ndani ya siku 30, mingine ndani ya siku 60. Akichelewa itabidi kwanza aombe kuongezewa muda, na aeleze sababu ya kila siku iliyopita.